Tierra del Fuego kwa siku moja: pengwini mfalme utawaona, "wenyeji" je?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi, mkazi wa Tanga. Wiki ya pili ya Aprili nitakuwa Santiago, Chile, kwa mkutano wa kazi, na mama yangu (miaka 64, goti linamsumbua) atafuatana nami. Tuna siku tatu za ziada na tunataka kushuka hadi mji wa Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile. Nimeona tangazo la ziara ya siku moja: "Pengwini mfalme na utamaduni wa wenyeji wa Tierra del Fuego", saa 12 kwenda na kurudi. Wengine wananishauri twende kisiwa cha Magdalena, eti pengwini ni wengi zaidi na si mbali. Nichague ipi? Je, tutakutana na hao wenyeji? Na sisi Waislamu tutakula nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Mpe bi mkubwa salamu zangu.

Swali lako la kwanza limeshajibiwa na kalenda. Kisiwa cha Magdalena kiko ndani ya Mlangobahari wa Magellan, kama kilomita 35 kutoka Punta Arenas, na ni kweli pengwini wake ni wengi mno. Mgeni hutembea kwenye njia iliyowekewa kamba, nao wanakatiza mbele ya miguu yake kurudi mashimoni mwao. Lakini hao ni pengwini wa Magellan, ndege wanaohama. Hufika Septemba, hutaga, hulea, na ikifika Machi huanza kurudi baharini kufuata samaki kuelekea kaskazini, pwani ya Argentina na wengine mpaka Brazil. Boti za watalii nazo husimama Machi inapokwisha. Atakayekuuzia tiketi ya Magdalena kwa wiki ya pili ya Aprili atakuwa amekuuzia mnara wa taa na upepo.

Pengwini mfalme ana hesabu nyingine kabisa. Kutoka kutaga yai hadi kinda kuweza kujitegemea humchukua miezi 14 hadi 16, kwa hiyo jozi moja ikijitahidi sana hulea makinda wawili kwa miaka mitatu. Ndiyo maana mahali wanapozalia hapabaki patupu msimu wowote. Makundi yao makubwa yako visiwa vya South Georgia, Crozet na Kerguelen, ambako hakuna uwanja wa ndege, na msafiri hukaa siku kadhaa baharini ndipo afike. Kundi dogo lililojiweka kwenye ghuba ya Bahía Inútil, upande wa Chile wa kisiwa kikuu cha Tierra del Fuego (visiwa vya ncha ya kusini ya Amerika, ambavyo Chile na Argentina wamegawana), ni bahati ya pekee kwa mtu mwenye siku chache. Lilianza kukaa hapo mnamo 2010. Watu wakaanza kuwaendea ovyo na kuwasogelea mno, hadi mwaka 2011 familia inayomiliki shamba la hapo ikazungushia uzio, ikaweka walinzi na kuanza kutoza kiingilio. Leo panaitwa Parque Pingüino Rey.

Sasa nikueleze utakachokiona, ili usije ukavunjika moyo. Hutakuta maelfu. Siku nyingine ni makumi kadhaa, siku nyingine wanapita mia, na unawatazama kwa mbali kidogo, nyuma ya ukuta wa mbao wenye matundu, pengine ng'ambo ya kijito. Chukua darubini, hata ile ndogo. Ukishaikaza machoni, tafuta ndege aliyesimama wima bila kusogea huku ngozi ya tumbo imemshukia hadi miguuni kama mkunjo wa kanga. Huyo amebeba yai au kinda mchanga. Pengwini mfalme hajengi kiota. Yai moja tu huwekwa juu ya nyayo na kufunikwa na ule mkunjo wa ngozi kwa takriban siku 54, na baba na mama hupokezana. Wakati wa kupokezana huinamisha vichwa wote wawili na kulisogeza kwa midomo taratibu, maana likigusa ardhi ya baridi kwa muda mrefu limekwisha.

Aprili pia ni wakati wa makinda wakubwa. Wana manyoya mazito ya kahawia, wamenenepa, na hawafanani hata kidogo na wazazi wao wenye rangi ya chungwa shingoni. Mabaharia wa zamani walidhani ni ndege wa aina nyingine. Unene ule ni akiba: majira ya baridi yanabisha hodi, na kuanzia hapo wazazi huja kuwalisha mara chache sana.

Utapewa kama saa moja ya kuwatazama. Ndiyo, saa moja ndani ya saa 12. Wengi hulalamikia hapo, na ningependa uyajue mapema hayo mengine 11 yanakwenda wapi.

Ziara nyingi huanzia bandari ya Tres Puentes, Punta Arenas, kwa feri ya kuvuka mlangobahari hadi Porvenir. Hiyo ni saa mbili na zaidi kidogo. Porvenir ni mji mdogo wa nyumba za mabati zilizopakwa rangi, ulioanzishwa 1894, na ndio makao makuu ya upande wa Chile wa kisiwa. Mnapita makumbusho, mnakunywa kitu cha moto, kisha mnaanza kufuata ghuba kuelekea mashariki na kusini, zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa changarawe. Mkishaona pengwini mnapanda kaskazini kupitia Cerro Sombrero, mji uliojengwa na shirika la mafuta la taifa, ENAP, baada ya mafuta kupatikana kisiwani Desemba 1945. Halafu mnafika Bahía Azul, mlangobahari unapokuwa mwembamba, na kuvuka kwa pantoni kwa dakika 20 tu. Hapo simama nje ubavuni mwa chombo, hata kama baridi inauma. Pomboo wadogo weusi na weupe, wanaoitwa tonina, hupenda kucheza mbele ya pantoni, na wapo waliorudi nyumbani wakiwasifu hao kuliko pengwini. Baada ya hapo ni saa mbili na ushee za lami hadi mjini.

Njiani kuna guanako, wanyama wa ukoo wa ngamia wasio na nundu, na mbweha. Upande wa bara kuna ndege wakubwa wanaofanana na mbuni. Kilichobaki ni nyasi za manjano, kondoo na anga. Mtu aliyezoea Serengeti anaweza kuona hakuna kitu. Mimi napenda nchi ile, lakini sitamlazimisha mtu.

Muulize mwenye kampuni: mnazunguka kwa kuanzia Porvenir au kwa kuanzia Bahía Azul? Si swali la ushabiki. Siku zile jua kule huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama mnamo saa moja jioni. Kwenye barabara ya bara kuna San Gregorio, shamba la kondoo la José Menéndez lililoachwa ukiwa, na mbele yake ufukweni zimelala meli mbili kuukuu: Amadeo ya chuma na mvuke, na Ambassador, jahazi la Waingereza lililokuwa likibeba chai kutoka China, ambalo sasa limebaki mbavu tupu. Mkianzia Porvenir, mtapita hapo kwenye giza. Ratiba ya feri ndiyo inayoamua, lakini kuuliza si kosa.

Kuhusu saa zenyewe, angalia sana. Wikendi ya kwanza ya Aprili Santiago hurudisha saa nyuma, ila mkoa wa Magallanes hubaki palepale mwaka mzima. Kwa hiyo mkishuka Punta Arenas mtakuta mko saa moja mbele ya Santiago, na mwenye saa ya mkononi asiyejua ataachwa na feri. Jambo jema ni kwamba Punta Arenas iko nyuma ya Tanga kwa saa sita kamili. Ukitaka kupiga simu nyumbani, soma namba iliyo kwenye saa ya ukutani ya kule, uitaje kwa Kiswahili: kule ni 8 asubuhi, Tanga ni saa nane mchana.

Sasa wenyeji. Hapa nitakuwa mrefu, maana tangazo lako limekuwa fupi mno.

Sisi tuliokulia Tanzania tukisikia "utamaduni wa wenyeji" kwenye ratiba ya utalii, akili inakwenda kwenye boma la Wamaasai: gari linasimama, watu wanaimba na kuruka, shanga zinauzwa. Iondoe picha hiyo. Wenyeji wa sehemu ile ya kisiwa ni Waselk'nam, wengine huwaita Wa-Ona, na hakuna boma utakalopelekwa. Kabla ya miaka ya 1880 walikuwa kama watu 4,000, wawindaji wa guanako kwa upinde na mshale, wakivaa ngozi ya guanako manyoya yakiwa nje. Kisha wakaja watafutaji dhahabu, na nyuma yao kondoo. Serikali iligawa ardhi kwa makampuni. Moja kati ya hayo, Sociedad Explotadora de Tierra del Fuego iliyoundwa 1893, ilifika kumiliki zaidi ya hekta milioni moja. Nyaya za uzio zikakata nchi ya kuwindia, guanako wakapungua, Waselk'nam wakawinda kondoo, ambao waliwaita guanako weupe. Mashamba yakaajiri watu wa kuwaua, wakilipwa kwa kila jozi ya masikio. Huyo Menéndez wa San Gregorio alikuwa na mashamba kisiwani pia, na meneja wake mmoja, Mskoti Alexander MacLennan, anakumbukwa kwa jina la Nguruwe Mwekundu kwa sababu ya mauaji hayo.

Waliosalia wengi walipelekwa misheni ya Wasalesiani (shirika la mapadri Wakatoliki) kwenye kisiwa cha Dawson, ambako kifua kikuu na maradhi mengine yaliwamaliza. Misheni ikafungwa 1911. Mwaka 1895 zaidi ya watu 150 waliletwa Punta Arenas na kugawiwa kwa familia za mjini, watoto wakitengwa na mama zao, hadi kesi ikafunguliwa mahakamani. Na miaka michache kabla ya hapo, Waselk'nam 11 walikuwa wamekamatwa na kupelekwa Paris kwenye maonyesho ya 1889, yaleyale ya Mnara wa Eiffel, wakafungiwa kwenye kizimba na kutangazwa kuwa wala watu. Kwenye maonyesho hayohayo palikuwa pia na "kijiji cha Weusi" chenye Waafrika walioletwa kutazamwa. Nakutajia hili kwa makusudi, dada. Mwafrika anayeingia makumbusho ya Porvenir hana sababu ya kutazama zile picha kwa macho ya mgeni tu.

Utaziona picha zenyewe. Watu waliopakwa mistari myeupe mwili mzima, vichwani wamevaa vinyago virefu vilivyochongoka. Nyingi zilipigwa 1923 na padri Martin Gusinde kwenye Hain, ambayo kwa lugha yetu ni jando. Iliweza kuchukua miezi. Vijana waliogopeshwa na mizimu, na siku ilipofika waliambiwa wapambane na mmoja wao na kumvua kinyago, wakakuta ni mjomba au jirani. Simulizi iliyobeba jando hilo inasema zamani wanawake ndio waliotawala, wakijigeuza mizimu ili wanaume wawaogope, mpaka wanaume walipogundua na kuipindua siri ile upande wao. Wanawake hawakutakiwa kujua, ingawa wapo waliodai baadaye kwamba walijua muda wote. Mtu aliyekulia kwenye jando na unyago wa pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hilo mara mbili.

Leo mizimu ya Hain iko kwenye vikombe, sumaku za friji na fulana, Punta Arenas nzima. Sikukatazi kununua. Ila muuzaji akikuambia "hawa walikwisha", jua si kweli. Lola Kiepja, aliyefariki 1966 na ambaye nyimbo zake zilirekodiwa na mwanaanthropolojia Anne Chapman, huitwa "wa mwisho" kwenye vipeperushi vingi. Alikuwa miongoni mwa wa mwisho waliokua katika maisha yale ya kale. Vizazi vyao vipo, Argentina na Chile, na mwaka 2023 sheria ya Chile iliwatambua Waselk'nam kuwa taifa la asili lililo hai, baada ya wao wenyewe kudai kwa miaka. Kwa hiyo jibu la swali lako: hapana, kwa ziara hii hutakutana nao, na kampuni inayoahidi hivyo usiipe pesa. Utakutana na habari zao makumbusho, na ubora wa habari hizo utategemea kiongozi wenu. Mpime mapema kwa swali moja: "Nini kiliwapata Waselk'nam?" Akijibu "maradhi" na kunyamaza, badilisha kampuni.

Una siku tatu. Ya kwanza ipeleke makumbusho ya Wasalesiani, Maggiorino Borgatello, palepale katikati ya Punta Arenas. Ni ghorofa kadhaa na mama atachoka, basi mketishe ghorofa ya chini, wewe upande. Kumbuka unapotembea kwamba waliokusanya vitu vile ndio walioendesha misheni ya Dawson. Baada ya hapo Porvenir itakueleweka kwa nusu saa.

Utamaduni utakaouona ukiwa na watu wake ni wa wachunga kondoo. Wengi wao asili yao ni kisiwa cha Chiloé, mbali kaskazini. Hao ndio waliokata manyoya na kufunga nyaya wakati faida ilikwenda kwa wengine. Porvenir utaona pia majina ya Kikroatia kwenye maduka na makaburini, wajukuu wa waliofuata dhahabu. Kama mtasimama kwenye shamba na mwenyeji akazungusha chai yao iitwayo "mate", majani yanayonywewa kwa mrija kutoka kikombe kimoja, ukinywa mrudishie yule aliyekumiminia. Ukisema "gracias" maana yake umetosheka na hutapewa tena. Wewe muuguzi najua unawaza nini kuhusu mrija mmoja. Kukataa kwa tabasamu kunakubalika.

Chakula. Nyama kuu ni kondoo wa kuchomwa kwenye chuma kando ya moto, na hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Porvenir ina centolla, kaa mkubwa wa bahari ya baridi, na samaki hupatikana. Kwa mkate na vitumbua vya kuoka uliza kama kuna "manteca". Chile hilo ni jina la mafuta ya nguruwe, na hutiwa kwenye mikate mingi. Njia nyepesi ni kufunga chakula chenu Punta Arenas: mayai ya kuchemsha, jibini, matunda, tende mlizotoka nazo Tanga (tende hizo mziandike kwenye fomu ya forodha mkifika Santiago, na matunda ya kutoka nyumbani mzile kabla ya kushuka uwanja wa ndege, maana Chile haina mchezo na mazao ya shambani). Katikati ya Porvenir na pengwini hakuna mgahawa wa maana.

Goti la mama halitasumbuliwa na njia ya kule hifadhini, ambayo ni fupi na tambarare. Litasumbuliwa na kukaa. Ni zaidi ya kilomita 400 za gari, kwa hiyo mwombee kiti cha mbele, na kwenye kila feri ashuke anyooshe miguu, lakini ashike reli. Upepo wa kule si wa kupunga hewa. Humpokonya mtu mlango wa gari mkononi. Mavazi ya tabaka, juu yake koti lisilopitisha upepo, glavu, kofia inayofungwa au mtandio wa kufuma uliobanwa vizuri. Mwavuli uacheni hotelini.

Upepo huohuo husimamisha feri na pantoni, wakati mwingine kwa saa nyingi, na kampuni haina la kufanya. Kwa hiyo msipange ziara siku ya mwisho. Siku ya kwanza makumbusho, ya pili pengwini, ya tatu iwe akiba, ndipo mpande ndege ya Santiago. Jumatatu hifadhi hufungwa. Nafasi zina kikomo kila siku, hivyo mjiandikishe kabla ya kusafiri, na muulize kampuni kwa maandishi kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei au mtalipa mlangoni.

Mwisho, ukiona bei ya chini kutokea Ushuaia au Río Grande, iache. Huko ni Argentina. Mtapita mpaka wa San Sebastián kuingia Chile na kurudi siku hiyohiyo, na kwa pasipoti yetu hiyo ni viza ya nchi mbili, tena yenye ruhusa ya kuingia zaidi ya mara moja. Kutokea Punta Arenas hamvuki mpaka wowote.